Meno ya Simba Yasiyouma: Uchambuzi wa Kisa cha Mabotsa, 1844

Mwezi Februari 1844, katika bonde la Mabotsa, kaskazini-magharibi mwa nchi ambayo leo ni Afrika Kusini, simba alimrukia mmisionari wa Kiskoti mwenye umri wa miaka 30, akamkamata bega la kushoto, akausaga mfupa wa mkono wa juu na kumtikisa kama mbwa anavyomtikisa panya. Mtu huyo alikuwa David Livingstone, ambaye wakati huo hakuwa bado na jina kubwa duniani. Alipona, na miaka 13 baadaye, katika kitabu cha safari zake kilichotoka 1857, akaeleza kwamba muda wote simba alipokuwa juu yake hakusikia maumivu wala hakuona hofu.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama ushahidi wa ujasiri wa mtu mmoja. Mimi nakichukua kwa sababu nyingine. Kila siku porini swala, pundamilia na nyumbu hukamatwa na wanyama wala nyama, na hakuna hata mmoja anayeweza kutuambia alijisikiaje meno yalipoingia. Livingstone alikuwa windo lililorudi na kalamu mkononi, na zaidi ya hapo alikuwa daktari aliyefuzu Glasgow mwaka 1840, kwa hiyo alijua kulitazama jeraha, hata likiwa lake mwenyewe.

Kilichotokea kilimani

Wakgatla wa Mabotsa walikuwa wakisumbuliwa na simba walioruka ndani ya mazizi usiku, na hata mchana kweupe wakawavamia ng'ombe, jambo ambalo halikuwa la kawaida kiasi kwamba watu walisema wamerogwa na majirani zao. Ilijulikana kwamba simba mmoja wa kundi akiuawa, wenzake huhama. Wanaume wakatoka na mikuki, Livingstone akafuatana nao akiwa na bunduki, wakawakuta simba kwenye kilima kidogo chenye miti, urefu wake kama mita 400. Wakakizingira, wakapanda huku wakilibana duara. Mebalwe, mwalimu wa shule aliyekuwa pamoja na Livingstone, alifyatua risasi ikagonga mwamba ambao simba mmoja alikuwa ameukalia. Simba akaung'ata mwamba pale pale ulipogongwa, mithili ya mbwa ang'atavyo fimbo aliyorushiwa, kisha akavunja duara na kutoroka.

Walikuwa wanarudi kijijini ndipo Livingstone alipomwona simba mwingine amekaa juu ya mwamba, nyuma ya kichaka, umbali wa mita 30 hivi. Akalenga kupitia kichakani, akafyatua mitutu yote miwili. Watu wakapaza sauti kwamba amepatikana. Yeye aliuona mkia wa simba umesimama kwa hasira, akawaambia wenzake wangoje kwanza ashindilie tena. Alikuwa angali anashindilia risasi aliposikia ukelele, akageuka, na simba alikuwa tayari hewani.

Wote wawili walianguka chini. Simba alinguruma karibu kabisa na sikio lake, mguu mmoja wa mbele ukiwa umemkandamiza kisogo. Livingstone akajigeuza ili kuupunguza uzito ule, na katika kujigeuza akayaona macho ya simba yamemwelekea Mebalwe, ambaye alikuwa mita 10 au 15 kutoka hapo, akijaribu kupiga kwa gumegume lake. Gumegume likagoma, mtutu wa kwanza na wa pili. Simba akamwacha Livingstone, akamwendea Mebalwe, akamng'ata paja. Mtu wa tatu, ambaye Livingstone aliwahi kumponya baada ya kurushwa na nyati, akajaribu kumchoma simba kwa mkuki. Naye akakamatwa bega, na hapo hapo risasi za mwanzo zikamaliza kazi yake, simba akaanguka akafa. Haya yote yalikwisha katika muda mfupi mno. Kwenye mkono wa Livingstone palihesabiwa matundu 11 ya meno, mbali na mfupa uliovunjika vipande vipande.

Shahidi na ushahidi wake

Anachosema ni hiki: mtikiso ule ulimtia katika hali kama ya ndoto, iliyofanana na ile inayoonekana kumpata panya baada ya paka kumtikisa mara ya kwanza. Alikuwa na fahamu zake zote, akajua kila kinachotendeka, akamtazama mnyama bila kitisho chochote. Anaifananisha hali hiyo na ya mgonjwa aliyepewa klorofomu kidogo, ambaye anauona upasuaji lakini hausikii wembe. Anasisitiza pia kwamba hakujikaza wala hakujituliza kwa mawazo, bali hali ilimjia yenyewe.

Mfano wa klorofomu unahitaji kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa dawa hiyo iliingia katika tiba kuanzia Novemba 1847, James Young Simpson alipoanza kuitumia Edinburgh. Mwaka 1844 Livingstone asingeweza kuufikiria. Maana yake ni kwamba tunachosoma ni kumbukumbu iliyokaa miaka, ikavikwa maneno ya baadaye. Hata hivyo sioni kwamba jambo hilo linaubomoa ushahidi, kwa sababu mambo matatu aliyoyataja pamoja, yaani kukosa maumivu, kukosa hofu na kubaki na fahamu, ndiyo yale yale ambayo maabara zilikuja kuyakuta kwa panya, kuku na farasi zaidi ya karne moja baadaye, na yeye hakuwa na njia ya kuyajua kabla.

Kemia ya sekunde chache

Mfupa unapovunjika, miisho ya neva iliyo kwenye ngozi, misuli na utando wa mfupa hutuma habari hadi upande wa nyuma wa uti wa mgongo. Hapo neva ya kwanza humwaga nyurotransmita, yaani kemikali zinazovusha habari kutoka seli moja ya neva hadi nyingine, hasa glutamati pamoja na dutu P, na seli inayopokea huipandisha habari hiyo mpaka ubongoni. Kwa muda mrefu njia hii ilifikiriwa kuwa ya upande mmoja, kama kengele inayovutwa kamba huku ikalia kule. Ukweli ni kwamba ubongo nao hushusha nyaya zake mpaka kwenye kivuko kile kile cha uti wa mgongo, na unaweza kukifunga.

Mwaka 1969 mtafiti David Reynolds alionyesha jambo hilo kwa namna ambayo bado inashtua. Alipitisha umeme hafifu katika eneo la kijivu la ubongo wa kati, linaloizunguka njia ya maji ya ubongo, kisha akawapasua panya matumbo bila kuwapa dawa yoyote ya ganzi. Panya walikuwa macho, lakini hawakuonyesha dalili ya kuumia. Eneo hilo hutuma habari chini hadi shina la ubongo, ambako neva zinazotumia serotonini na noradrenalini huteremka kwenye uti wa mgongo na kuzizima zile seli zinazopandisha maumivu.

Likabaki swali la jinsi mofini, dawa kali ya maumivu itokanayo na mpopi, inavyofanya kazi mwilini. Mwaka 1973 Candace Pert na Solomon Snyder, huko Baltimore, walionyesha kwamba ubongo una vipokezi vinavyoishika mofini, na haikuingia akilini kwamba wanyama waliumbwa na kufuli kwa ajili ya utomvu wa ua la mpopi. Lazima mwili uwe na ufunguo wake. Ufunguo huo ulipatikana Aberdeen, katika Uskoti ile ile alikozaliwa Livingstone, pale John Hughes na Hans Kosterlitz walipochuja ubongo wa nguruwe na mwaka 1975 wakatangaza molekuli mbili ndogo za asidi amino tano kila moja, wakaziita enkefalini. Baada yake ikajulikana endofini, kubwa zaidi na yenye nguvu zaidi.

Hapa ndipo msongo na utulizaji wa maumivu vinapokutana, na kwangu hiki ndicho kiini cha kisa chote. Endofini aina ya beta haitengenezwi peke yake. Seli za tezi ya pituitari hutengeneza protini moja ndefu, kisha huikatakata. Kipande kimoja ni ile homoni inayoziamuru tezi za adrenali zimwage kotisoli, homoni ya msongo, na kipande kingine ni endofini. Mwaka 1977 Roger Guillemin na wenzake walionyesha kwamba panya wakipata msongo vipande hivyo viwili huingia katika damu kwa pamoja. Kwa maneno mengine, amri ya hatari na dawa ya maumivu hutoka katika mkate mmoja, kwa kisu kimoja.

Je, endofini hiyo ndiyo iliyomtuliza Livingstone? Sidhani, angalau si katika dakika ile ya kwanza. Homoni ya pituitari husafiri kwa damu na huhitaji muda, ilhali simba aliruka, akang'ata na kuachia kabla damu haijafanya kazi kubwa. Jaribio lililofanywa Los Angeles na James Lewis, Timothy Cannon na John Liebeskind, likachapishwa 1980, linatusaidia hapa. Panya walipigwa umeme miguuni kwa namna mbili: dakika 3 mfululizo, au dakika 30 kwa vipindi. Makundi yote mawili yakapungukiwa na maumivu. Walipodungwa naloksoni, dawa inayoziba vipokezi vya mofini, wale wa dakika 30 walirudia kuumia kama kawaida, lakini wale wa dakika 3 hawakubadilika. Kumbe mwili una zaidi ya njia moja ya kuzima maumivu, na njia ya msongo mfupi si lazima ipitie kwenye enkefalini na endofini. Mwaka 2005 Andrea Hohmann na wenzake walionyesha kwamba sehemu kubwa ya njia hiyo nyingine huendeshwa na endokanabinoidi, kemikali za ubongo zinazofanya kazi kwenye vipokezi vile vile vinavyoguswa na bangi.

Lakini Livingstone hakuanza kupata msongo meno yalipomgusa. Alikuwa amekaa katika hatari tangu kilimani, na hofu peke yake, bila jeraha, inatosha kuuwasha mfumo huu. Mwaka 1985 Laurie Lester na Michael Fanselow waliwaweka panya karibu na paka, bila paka kuwagusa, na panya hao wakapungukiwa na maumivu kwa namna ambayo dawa ya kuziba vipokezi vya mofini iliizuia. Naona kwa hiyo kwamba kilimani Mabotsa njia zote mbili zilikuwa kazini: ile ya opioidi, yaani kemikali za jamii ya mofini kama enkefalini na endofini, ilikuwa imeshaanza kupata moto tangu watu walipolibana duara, na ile ya haraka ikaongezeka mwili ulipoguswa. Huu ni ukadiriaji wangu, kwa kuwa damu ya 1844 haipimiki tena.

Kinachobaki ni ile hali ya ndoto. Yeyote aliyewahi kumkamata kuku anaifahamu kwa macho. Kuku hupiga kelele na kupapatika mpaka mkono umfikie. Kisha ukimlaza ubavu au chali na kumkandamiza kwa muda, ghafla hulegea, shingo ikanyooka, jicho likabaki wazi, na hata ukiondoa mkono polepole hubaki vile vile kwa sekunde kadhaa au dakika nzima kabla ya kuruka juu na kukimbia. Athanasius Kircher aliliandika jambo hilo mwaka 1646, akidhani kwamba kuku amepumbazwa na mstari wa chokaa aliochorewa mbele ya mdomo. Mstari hauna kazi yoyote. Ni mkono unaoshika ndio unaofanya kazi ya mdomo wa mnyama mla nyama. Katika lile eneo la kijivu la ubongo wa kati, nguzo za pembeni huamsha mbio na mapambano, moyo ukidunda kwa kasi, na nguzo ya chini huleta utulivu na ulegevu, moyo ukipunguza mwendo, maumivu yakifunikwa kwa opioidi. Livingstone aliyekuwa akishindilia bunduki aliongozwa na nguzo za kwanza. Aliyekuwa chini ya mguu wa simba alishavuka kwenda kwenye ya pili, ingawa si kabisa, maana alikuwa na akili ya kutosha kugeuza kichwa.

Rehema au mbinu

Livingstone alihitimisha kwamba hali ile huenda huwapata wanyama wote wanaouawa na wala nyama, na kwamba ni rehema ya Muumba ya kupunguza uchungu wa kifo. Sehemu ya kwanza nadhani aliipatia. Sehemu ya pili si juu yangu kubishana na imani ya mtu, lakini kama maelezo ya jinsi mfumo huu ulivyopata kuwapo, haitoshi. Mnyama anayekufa kwa utulivu hamrithishi mtoto yeyote utulivu wake. Anayerithisha ni yule aliyekamatwa kisha akaponyoka: swala ambaye duma alimlegeza taya ili avute pumzi, naye akainuka na kukimbia kwa mguu uliochanika kana kwamba haujachanika. Maumivu yangemfanya achechemee, aulambe mguu, alale chini. Hofu huyasimamisha maumivu mpaka hatari ipite, ndipo nayo yarudi ili mnyama atulie, asitumie kiungo kilichovunjika, apone. Robert Bolles na Michael Fanselow waliliweka hivyo mwaka 1980, na sijaona maelezo yanayokifaa kisa cha Mabotsa kuliko hayo.

Tofauti kati ya rehema na mbinu si ya maneno tu, kwa sababu inagusa namna tunavyowatendea wanyama walio mikononi mwetu. Punda aliyegongwa na gari akasimama kando ya barabara kimya, ameinamisha kichwa, watu humzunguka na kusema punda haumii, ana ngozi ngumu. Huo ukimya ni wa mnyama ambaye kwa vizazi vingi aliyelia ndiye aliyeliwa kwanza, na juu yake kuna kemia ile ile ya Mabotsa, ambayo itapungua baada ya muda na kumwachia maumivu yake yote. Daktari wa mifugo anayemchoma dawa ya kutuliza maumivu mapema, punda angali ametulia, hafanyi kazi bure. Anayesubiri mpaka mnyama aonyeshe kwamba anaumia atakuwa amechelewa.

Farasi nao wana kisa cha aina hiyo. Wafugaji kwa muda mrefu wamekuwa wakimbana farasi mdomo wa juu kwa kitanzi cha kamba kilichofungwa kwenye mpini, naye husinzia na kukubali kushonwa au kukaguliwa meno. Ilidhaniwa kwamba maumivu ya mdomo humsahaulisha mengine. Watafiti wa Utrecht walioongozwa na Lagerweij walipima mwaka 1984 wakakuta endofini imepanda katika damu na mapigo ya moyo yamepungua, na farasi waliopewa naloksoni hawakutulia kama wengine. Farasi yule mwenye macho mazito yuko karibu sana na kuku aliyelazwa chali, na kwa hiyo karibu na Livingstone. Ametulia, ndiyo, lakini utulivu wake umetoka katika mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya kukamatwa.

Tena mfumo huu huchoka. Msongo wa mara moja hupunguza maumivu, ilhali msongo unaorudiwa siku baada ya siku, kwa panya wa maabara, huishia kuyaongeza, na mguso mdogo huuma kuliko ulivyostahili. Ng'ombe aliyesafirishwa siku tatu ndani ya lori, amesimama bila maji, hana kinga ya mtu aliyerukiwa na simba mara moja.

Maumivu yaliyofuata

Livingstone aliamini kwamba koti lake la kitambaa cha mirabamiraba cha Kiskoti lilifuta sumu iliyokuwa kwenye meno ya simba kabla hayajaingia mwilini, kwa kuwa wenzake wawili, ambao hawakuwa na koti, walisumbuliwa na maumivu ya ajabu katika vidonda vyao. Siku hizi tungetaja bakteria wa mdomoni, na kitambaa kinene pengine kilisaidia kweli. Mfupa wake haukuunga sawasawa. Palibaki kiungo cha uongo katikati ya mkono, mahali pasipostahili kupinda. Ndicho kilichomtambulisha mwisho. Alipofariki katika kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, Mei 1873, watumishi wake Susi na Chuma na wenzao waliukausha mwili wake na kuubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo, ukavushwa Unguja na kupelekwa London, ambako Aprili 1874 daktari William Fergusson aliupapasa mkono wa kushoto, akaukuta mfupa uliovunjwa miaka 30 nyuma, akasema huyu ndiye.

Kwa hiyo mkono wa Livingstone una ushahidi wa maneno na wa mfupa. Wale wengine wawili hawana hata mmoja. Tunajua kwamba yule aliyekamatwa bega alirudi kwa Livingstone mwaka uliofuata, mwezi ule ule, kumwonyesha kidonda chake kilichofumuka upya, na Livingstone akaona jambo hilo linastahili kuchunguzwa. Hatuna sentensi inayosema kama naye aliingia katika ndoto ile, au kama Mebalwe aliingia. Kitaalamu hilo ni pengo kubwa, kwa sababu simba mmoja, siku moja, aliwang'ata watu watatu katika hali tatu tofauti. Livingstone alirukiwa akiwa amegeukia bunduki yake. Mebalwe alisimama na gumegume lililogoma mara mbili, akamwona simba akimwacha mtu mwingine na kumjia yeye, akiwa na muda wa kujua kinachokuja. Ni yeye ambaye hofu ilimtangulia meno kwa kipimo cha wazi kuliko wote, na alikuwa mwalimu, mtu wa kusoma na kuandika, aliyeishi na jeraha lake jirani na daktari aliyekuwa akiuguza la kwake.